Alisaini Nikiwa Nusu Kaputi

Mama Apolonia, shikamoo. Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa gazetini kwa sababu kila mtu ninayemfikiria kumweleza jambo hili naona kesho yake litakuwa sokoni, na wewe angalau hunijui sura. Naomba uniite Mwanamvua, jina langu halisi liache, maana mji wetu huu mtu akikohoa Kibaoni anapewa pole Viwanja Sitini. Nina miaka arobaini na minne, ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu tumwite Yunusi, ana duka la spea za pawatila za kulimia na za pikipiki, tumeoana miaka kumi na minne na Mungu hajatujalia mtoto hata mmoja, hata wa kuharibika.

Miaka hiyo yote mama, aliyekuwa anatafutiwa dawa ni mimi. Nimekunywa mizizi ya Mlimba, nimekunywa unga wa magome nikatapika siku mbili, nimekandwa tumbo na bibi mmoja wa Mngeta mpaka nikakojoa damu, na kila nilipomwambia Yunusi twende wote hospitali alinijibu, "Mimi siumwi, nikapimwe nini?" Nami nikanyamaza, kwa sababu kwetu mwanamke asiyezaa hana sauti ya kumpangia mume, na mama mkwe wangu yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, kila mwezi anataka kujua kama nimeziona siku zangu, ananiuliza uani mbele ya wapangaji, nami namjibu.

Mwaka jana nikasikia redioni kuhusu upandikizaji wa mimba. Nikauza shamba langu la mpunga nililoachiwa na marehemu baba, nikamwambia Yunusi shamba limeshauzwa, kwa hiyo kama hutaki kwenda sema sasa hivi. Akakubali. Mama yake tukamwambia tunakwenda Dar kumtazama shangazi mgonjwa.

Daktari wa pale kliniki tumwite Lukelo, mtu mtaratibu, anaongea huku anachora kwenye karatasi. Alitupima wote wawili. Akaniambia bila kunizungusha kwamba kwa miaka yangu mayai yamebaki machache na mengi hayana nguvu, akasema mbegu za Yunusi si nyingi ila kwa siku ile zinatosha. Kisha akatuchorea njia mbili. Ya kwanza, wanaweka mayai yangu na mbegu za mume kwenye kisahani pamoja, wanaviacha vikutane vyenyewe. Ya pili, mtaalamu anachagua mbegu moja tu, anaichoma ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mimi mara moja nikasema tuchome, maana niliona ndiyo ya uhakika. Dkt. Lukelo akatikisa kichwa.

"Mama, watu wengi wanadhani hivyo," akasema. "Kama mbegu za baba ziko sawa, kuchoma hakumsaidii mama wa miaka arobaini na kitu kuliko kuziacha zenyewe. Kuchoma kunaliingiza yai mbegu, lakini hakulirudishii yai ujana. Faida yake kubwa ni pale mbegu zinapokuwa dhaifu."

"Zangu si dhaifu," Yunusi akasema haraka, na mimi mjinga nikamshika mkono kumtuliza.

Basi tukakubaliana kwamba tutatumia njia ya kwanza, ila siku yenyewe mbegu zitaangaliwa upya na kama hazitoshi watachoma. Mimi nilisaini hivyo, na Yunusi akasaini hivyo.

Nilidungwa sindano tumboni siku kumi na moja, nikavimba mpaka nguo zangu zikanikataa. Nilikaa kwa binamu yangu Mbagala, dawa zangu ziko kwenye friji lake kati ya samaki na soda. Siku ya kutoa mayai walinipiga nusu kaputi asubuhi, nilipoamka muuguzi akaniambia, "Hongera mama, tumepata matano." Mama Apolonia, mimi nililia kwa furaha, sikuwahi kupewa hongera ya aina hiyo maishani mwangu. Nikamwuliza Yunusi kila kitu kimekwenda sawa? Akasema sawa. Nikamwuliza wamechoma au wameacha? Akasema, "Wameacha, daktari amesema hakuna haja."

Kesho yake kliniki ikapiga simu, na namba iliyokuwa kwenye faili ni ya Yunusi. Alisikiliza, akasema ahsante, akakata. Akakaa kwenye kochi la binamu yangu akaniambia, "Hakuna hata moja lililoshika. Mayai yako hayakufaa." Tukarudi Ifakara kwa basi, na kutoka Mikumi mpaka Kidatu hakunisemesha, na mimi nilikuwa naona aibu, namwonea huruma yeye, najiambia maskini mume wa watu nimempotezea muda. Tulipofika alimweleza mama yake kila kitu, ile safari, yale mayai, yote. Mama mkwe akaja uani kwangu akasimama mbele ya cherehani akasema, "Mayai ya miaka arobaini na minne hata kuku hakubali kuyaatamia." Nikaendelea kushona kwa sababu nilikuwa na sare za watu.

Wiki tatu baadaye nilirudi Dar peke yangu kuangaliwa, maana nilikuwa na maumivu chini ya kitovu. Dkt. Lukelo akafungua faili, akanipa pole, akasema, "Ndiyo maana siku ile tulimshauri mzee akubali tuchome."

Nikamwuliza, "Siku ipi?"

Akaniangalia. Akageuza faili upande wangu. Kumbe asubuhi ile nikiwa nimelala, maabara waliona mbegu za Yunusi ni chache mno na hata hizo chache hazitembei vizuri, wakamwita, wakamwambia lazima wachome, na kwa kuwa ni kubadilisha njia wakampa karatasi ya kusaini. Kwenye karatasi kuna mstari umeandikwa sababu, na pale wameandika kwa kalamu: udhaifu wa mbegu za mume. Yunusi alikataa. Akasaini karatasi nyingine kwamba tuendelee na njia ya kwanza, na kwamba mke amekubali. Mke nimekubali, mama, huku nimelala nimepanuliwa miguu.

Nilimwuliza daktari, kama mngechoma ningepata mtoto? Akasema, "Sitakudanganya. Pengine mayai mawili au matatu yangerutubika. Baada ya hapo, kwa umri wako, mengi hayashiki au yanatoka mapema. Nafasi ilikuwa ndogo." Nikasema lakini ilikuwepo. Akasema ilikuwepo.

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana, Yunusi ametoka kuswali anakula. Sikumpa salamu. Nilimwambia nimeiona saini yako.

Hakuuliza saini gani. Akasukuma sahani. "Ulitaka nisaini pale chini ya maneno yale? Nisaini kwamba mimi si mwanaume?"

"Yaliandikwa mbegu, Yunusi. Hayakuandikwa mwanaume."

"Ni kitu kilekile."

Nikamwambia kwa hiyo ukaona bora mayai yangu yafe. Hapo akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini, akaniambia na la pili ambalo sikuwa nimeliuliza, kwamba miaka minane iliyopita alikwenda Morogoro kununua spea akapima kwa siri, akaambiwa vilevile, akapewa dawa na kuambiwa arudi, hakurudi tena. Miaka minane! Ile ya magome ilikuwa miaka sita iliyopita. Yule bibi wa Mngeta ilikuwa miaka mitano. Alinipeleka yeye mwenyewe kwa pikipiki yake, akanisubiri nje.

Akanishika miguu akasema turudi tena Dar, safari hii tuchome, atakubali kila kitu, ila mama yake asijue wala mtu yeyote asijue. Nikavuta miguu yangu nikarudi kwenye cherehani. Siku nne baadaye mama mkwe akaja na habari kwamba amempatia mwanawe binti huko Mofu, anaitwa Sumayya, ana miaka ishirini na miwili, posa imeshapokelewa na mahari yanapelekwa Jumapili ya wiki ijayo. Nilimgeukia Yunusi nikamtazama. Alikuwa anaangalia simu yake. Tulipobaki wawili akasema, "Ni kumridhisha mama tu."

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana haya mengine yote ni ya kufanyiwa. Alhamisi mama mkwe alimleta yule binti kwangu nimpime nguo ya siku yake, akasema wewe ndiye dada mkubwa, mshonee vizuri. Binti akapiga goti, "Shikamoo dada," ana tabasamu, anatafuna bigijii, nikampima kifua, nikampima kiuno, kiuno chembamba kama cha mtoto wa shule, na wakati naandika vipimo akaniuliza kwa sauti ndogo kama Yunusi anapenda watoto wa kike au wa kiume. Mama Apolonia, nilisikia utamu. Nilisikia utamu moyoni kama mtu aliyelamba sukari guru. Niliwaza, ngoja mwanangu, baada ya miaka mitatu na wewe utakuwa unatapika magome, na mimi nitakuwa nimekaa hapa nikikuuliza mbele ya wapangaji kama umeziona siku zako. Nikamwambia, "Anapenda wote." Nguo nimeshaikata, nimeishona nusu, na ninashona vizuri, kwa mkono mzuri kabisa.

Tangu siku ile silali vizuri. Nikisema ukweli wataniambia ni wivu wa uke-wenza, na nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya mji mzima. Nikinyamaza namtumbukiza mtoto wa watu nilipotumbukia mimi. Na kuna kitu kingine naona aibu hata kukiandika, kwamba bado nataka kurudi Dar. Bado nataka. Natamani wachome, natamani niambiwe tena hongera mama, hata kama ni kwa mbegu za mtu huyu huyu. Je, nirudi naye kwa siri kama anavyotaka? Nimwambie yule binti? Na mimi ni mtu mbaya kiasi gani?

Ni mimi, Mwanamvua, Ifakara.

MAMA APOLONIA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumanne na mahari yalikuwa Jumapili, kwa hiyo sikungoja gazeti. Ulikuwa umeandika namba yako nyuma ya bahasha, nikapiga. Wasomaji watanisamehe, leo najibu barua ambayo nusu yake ilishajibiwa kwenye simu, na umeniruhusu kueleza yaliyotokea. Majina yote humu si ya kweli, na asitokee mtu wa kwenda Mofu kuuliza.

Nilikwambia kwenye simu, na narudia: huyo binti aambiwe kabla ya Jumapili, na wa kumwambia ni wewe. Ukanijibu wataniona nina wivu. Nikakwambia wivu unao, usijitakase, na ukweli pia unao; nenda kautoe huo ukweli, wivu utaushughulikia baadaye. Ukakata simu. Nikadhani nimekupoteza.

Ijumaa ukachukua bodaboda mpaka Mofu, nguo iliyokamilika ikiwa kwenye mfuko. Ulimkuta Sumayya anaanika samaki na mama yake, na mjomba wake Amiri ameketi pembeni. Uliwaambia wote watatu, bila kupaza sauti, vile ulivyoona kwenye faili. Na hapa nakupongeza, kwa sababu hukusema Yunusi hazai. Ulisema ana tatizo, analijua miaka minane, na ameficha. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Mbegu dhaifu si mbegu zilizokufa, nimeshuhudia watu wa namna hiyo wakipata mtoto mwaka wa kumi na tano, lakini mwanamke anayekwenda kuolewa ili azae ana haki ya kujua anakokwenda.

Ulitegemea binti akushukuru. Alikuuliza, "Kwa nini ulingoja mpaka nguo ikaisha kushonwa?" Ulivyonisimulia ulikuwa unalia kwamba amekuonea. Hakukuonea. Ni swali zuri, na jibu lake umeliandika mwenyewe kwenye barua yako, pale uliposema ulisikia utamu. Lile swali libebe. Halikuui.

Mjomba Amiri ni mtu mwenye akili. Alipeleka neno moja tu kwa Yunusi: apime, alete karatasi, ndoa iendelee. Yunusi akasema amedharauliwa, hapimwi na watu wa Mofu. Jumapili mahari hayakwenda. Sasa anaishi kwa mama yake, nyumba ya tatu, na anawaambia wateja dukani kwamba umemroga.

Haya. Tuingie kwenye yako.

Kwanza ugomvi wangu na wewe. Miaka kumi na minne umekunywa sumu za kila aina, na hujawahi kusema, silambi hata chembe ya dawa mpaka mume wangu apimwe. Mimi nimekuwa muuguzi mkunga miaka thelathini na mmoja, na kama kuna jambo moja lilinichosha ni kuona wanawake wanakuja na matumbo yaliyochomwa na miti shamba huku waume zao wako nje wanavuta sigara, hawajawahi kutoa hata tone la kupimwa. Ndoa ikikosa mtoto, mara nyingi mno sababu iko kwa mwanamume, au iko kwa wote wawili. Wewe si mtoto, unasoma magazeti, unasikiliza redio. Ulinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikupa sifa ya mke mwema. Sifa hiyo imekula ujana wako.

Ugomvi wangu na yule daktari nao usiachwe. Nusu kaputi ya kutoa mayai inaisha kwa muda mfupi, na mayai yakishatolewa yanaweza kusubiri saa chache kabla ya kukutanishwa na mbegu. Wangekungoja uamke, unywe chai, uulizwe. Mayai yalikuwa yako, na mlishasaini wote wawili kwamba mbegu zikikosa nguvu wachome. Kuikubali karatasi ya mtu mmoja inayosema mke amekubali, huku mke yuko chali hajitambui, ni kosa. Andika barua kwa mkuu wa kliniki, ueleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi, uombe nakala ya faili lako lote. Usitukane. Barua ya matusi haisomwi.

Sasa hilo la kurudi Dar. Nilimpigia mtaalamu mmoja ninayemwamini, tumefanya naye kazi zamani, nikamsomea maneno ya Dkt. Lukelo. Amesema yale alisema kweli. Mume mwenye mbegu nzima, kuchoma na kuacha matokeo yake kwa mwanamke wa umri wako hayapishani, na anayekuuzia sindano kama muujiza wa wanawake wakubwa anakudanganya. Mume mwenye mbegu dhaifu kama Yunusi, hapo kuchoma ndiyo njia, kwa sababu bila hivyo yai linabaki linasubiri mgeni asiyefika. Lakini njia zote mbili zinagonga ukuta mmoja, na ukuta huo ni umri wa yai. Katika wanawake mia wa miaka arobaini na minne wanaojaribu kwa mayai yao wenyewe, wanaorudi nyumbani na mtoto ni wachache mno, unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine hutumia yai la kupewa na msichana mwingine, na nafasi inapanda sana, ila dini yako ina neno lake kuhusu hilo na sitajifanya sheikh. Kamwulize wako.

Nakwambia haya yote kwa ukali kwa sababu nimekusikia. Unataka kuambiwa hongera mama. Najua. Mimi niliwaambia wanawake neno hilo maelfu ya mara, na mwenyewe nilizika wawili na sikupata wa tatu. Kwa hiyo sikucheki na wala siwezi kukwambia acha kutamani, kutamani hakuachwi kwa kuambiwa. Ila tofautisha kumtamani mtoto na kutamani yale mayai matano yarudi. Yale hayarudi. Yunusi aliyaua kwa kalamu, nafasi ikiwa ndogo au kubwa, ilikuwa yako na aliichukua. Una haki ya kumchukia kwa hilo muda wowote utakaopenda, na asikuharakishe mtu kusamehe, hata padri wangu asikuharakishe.

Lakini kurudi naye kwa siri, hapana. Hapana, Mwanamvua. Mtu anayekubali kuchoma kwa sharti kwamba dunia iendelee kuamini mbovu ni wewe, hajakubali kitu. Fikiria umerudi, wamechoma, yamekataa, kama uwezekano mkubwa ulivyo. Mama mkwe atakuja tena kusimama mbele ya cherehani, na utakuwa umekubaliana na mwanawe kwamba hutajibu. Na sindano hizo za tumboni unadungwa wewe.

Mpe Yunusi sharti moja, na ulipeleke kupitia mtu mzima wa upande wake, si kwa ujumbe wa simu. Amwambie mama yake kwa kinywa chake mwenyewe, wewe ukiwepo: tatizo langu nalijua tangu miaka minane. Sentensi hiyo moja. Akiisema, mkae mzungumze kama watu, na kama mtataka kwenda Dar mtakwenda mchana kweupe, na pale kliniki namba ya simu iandikwe yako. Mpe mpaka mwisho wa mwezi huu. Asipoisema, nenda kwa wazee wa msikiti wenu ueleze, kisha ustawi wa jamii, uanze habari ya talaka na haki zako katika nyumba mliyojenga pamoja. Usingoje mwezi mwingine kwa sababu alilia. Analia vizuri, tumeshasikia.

Umeniuliza wewe ni mbaya kiasi gani. Kiasi cha kawaida. Ulifurahia msiba wa binti kwa siku nane, siku ya tisa ukapanda bodaboda. Wengi hawapandi. Mwandikie Sumayya siku moja, umwombe radhi kwa zile siku nane tu, usimwombe zaidi wala usimtake akupende.

Maumivu ya chini ya kitovu uliyoandika kwa mstari mmoja kama si kitu, kapimwe wiki hii hapo hapo Ifakara, usisubiri Dar. Mizizi yote iliyobaki kabatini itupe chooni. Na kuhusu mama mkwe, umeniambia tangu ile Jumapili ukimwamkia haitiki, na hujui ufanye nini mkikutana sokoni. Mwamkie. Shikamoo mama, kwa sauti yako ya siku zote, watu wasikie. Asipoitika, usisimame kungoja. Nunua nyanya zako, nenda nyumbani.